Jirani Mpya ni Nani, na Yuko Kwenye Shamba la Nani?

(Mazungumzo yetu na kamati za maendeleo za parokia pamoja na wafadhili, Bagamoyo)

 

Mada tuliyopewa ni "Mambo ya kiuchumi, kijamii na idadi ya watu yanayoathiri maendeleo". Wakati wa chai mmoja wenu alitunong'oneza kwamba mada hii inatisha kama swali la mtihani. Ni kweli. Kwa hiyo tumeipunguza: tutazungumza juu ya jirani mpya, na shamba alilojengea nyumba yake.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulichimba kisima katika kitongoji kimoja kando ya barabara ya Dar es Salaam. Idadi ya kaya tuliinakili kutoka kwenye daftari la kitongoji, na mkubwa wa pampu tukauchagua kwa idadi hiyo. Siku ya kufungua tulicheza ngoma. Wiki ya pili foleni ya ndoo ilikuwa inaanza kabla ya alfajiri, na zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye foleni wenyeji wenyewe hawakuwafahamu. Kabla mwaka haujaisha pampu ilikufa. Kwenye ripoti tuliwaandikia wafadhili kwamba "matumizi yalizidi matarajio". Maneno hayo ni mazuri, lakini ukweli ni kwamba tulihesabu watu wa zamani.

Basi tuangalie hesabu ya sasa. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Tanzania na watu 44,928,923. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Hilo ni ongezeko la asilimia 37 hivi kwa miaka kumi, na kila mtu amelisikia redioni. Ambalo halikusemwa sana ni hili la kwetu. Katika miaka hiyo hiyo Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani asilimia 23. Mkoa wetu wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Hiyo ni asilimia 84. Kwa maneno mengine, mkoa ambao watu wa mjini waliuona ni wa mihogo na nazi umeongeza watu karibu sawa na jiji lenyewe.

Wilaya yetu ya Bagamoyo ilikuwa na watu 230,164 mwaka 2002 na 311,740 mwaka 2012. Baadaye Chalinze ikawa na halmashauri yake. Ukizijumlisha halmashauri hizo mbili kwa sensa ya 2022, unapata watu zaidi ya laki tano.

Sasa wapo wanaosema, tena hata ndani ya kamati zetu, kwamba tatizo la Pwani ni watu wake kuzaa mno. Tufanye hesabu pamoja. Kama Pwani ingekua kwa kasi ile ile ya nchi nzima, mwaka 2022 ingekuwa na watu kama milioni moja na nusu. Waliobaki, nusu milioni na ushei, hawakuzaliwa hapa. Wamehamia. Wametoka Tegeta, Bunju na Mbagala ambako kodi ya chumba imepanda, na wengine wametoka mikoani moja kwa moja. Wamejenga Kibaha, Mkuranga, na kwa upande wetu Mapinga, Kerege na Zinga. Asubuhi wanapanda daladala kwenda kazini jijini, na usiku wanarudi kulala kwetu.

Kuhama si jambo geni hapa. Mji huu ulijengwa na watu wa safari. Misafara kutoka bara iliishia hapa, wapagazi wa Kinyamwezi walijaa kwa maelfu, na wapo waliobaki wakaoa. Wadachi waliufanya mji huu makao yao makuu hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na biashara ikawafuata. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka mia moja, ni kijana wa Bagamoyo aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Sasa Dar es Salaam inamfuata nyumbani kwao, na inakuja na fedha mkononi.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mzee ana ekari tano za mikorosho na minazi aliyoachiwa na baba yake. Minazi imezeeka. Korosho mwaka huu zina bei, mwakani hazina. Mjukuu anahitaji sare na daftari, bibi anaumwa, kijana wa mwisho hataki jembe, anataka pikipiki ya bodaboda. Dalali anafika na mgeni aliyevaa miwani. Ekari moja inauzwa. Fedha zile mzee hajapata kuzishika maishani mwake, na kwa miezi sita nyumba inacheka. Mwaka unaofuata inauzwa ya pili. Tumewakuta wazee ambao leo ni walinzi kwenye mashamba waliyoyauza wenyewe, wanalipwa kila mwisho wa mwezi kuwafukuza mbuzi wasile maua.

Hatusemi watu wasiuze. Mwenye mali ana haki na mali yake, na mnunuzi mara nyingi ni mwalimu au muuguzi aliyejinyima miaka kumi apate kiwanja. Tunachosema ni kwamba wengi wanauza bila kujua wanachouza. Mzee anauza kwa ekari, dalali anakata viwanja, na kiwanja kimoja kinakuja kuuzwa kwa bei inayokaribia ile ya ekari nzima. Aidha, mauziano mengi yanafanyika gizani, baba na dalali na mashahidi wawili, mama akiwa shambani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Sheria hiyo hiyo inakiwezesha kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mama linaweza kuandikwa humo sambamba na la baba. Ni akina mama wangapi katika vigango vyenu wanaojua hayo? Tuliuliza swali hili kwenye mkutano mmoja, na mikono iliyonyooshwa haikufika vidole vya mkono mmoja.

Kuna na suala la bandari, ambalo mtatulaumu tukiliruka. Machi 2013 Serikali yetu na ya China zilitia saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani. Oktoba 2015 liliwekwa jiwe la msingi. Mwaka 2019 Serikali ya Awamu ya Tano ilieleza hadharani kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Ubaya au uzuri wa mradi ule tunawaachia wataalamu. Sisi tunatazama kaya ya Pande au Mlingotini ambayo nyumba yake imethaminiwa. Upande mnazi ambao utazaa baada ya miaka sita, au usipande? Uezeke paa upya au usubiri? Tangazo peke yake linapandisha bei ya ardhi na kuwaleta madalali, hata kama tingatinga halijaonekana. Wafadhili wetu, mnapotuuliza kwa nini kikundi fulani hakikupanda miche mliyoitoa, wakati mwingine jibu ndilo hilo.

Tuje kwa watoto. Katika kila Watanzania 100 waliohesabiwa mwaka 2022, karibu 43 walikuwa chini ya umri wa miaka 15. Vifo vya watoto vimepungua sana, na tumshukuru Mungu na waganga wetu: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 1999 ulikuta watoto 147 kati ya 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano, na ule wa 2022 ulikuta 43. (Bagamoyo imechangia, maana chanjo ya malaria iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilifanyiwa majaribio hapa pia, na wapo akina mama wa parokia hizi waliowapeleka watoto wao.) Uzazi nao unashuka polepole, kutoka wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke mwaka 2015/16 hadi 4.8 mwaka 2022. Mjini ni 3.6, kijijini 5.5. Tofauti hiyo haitokani na mahubiri ya mtu yeyote. Mama aliyesoma, mwenye kipato chake na zahanati karibu, anapanga familia yake kwa namna nyingine na yule ambaye watoto ndio akiba yake ya uzeeni.

Lakini shule zimejaa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa mwaka 2016. Watoto wakaja, na madawati hayakuja kwa kasi hiyo. Na kwa wasichana kuna jambo zito zaidi. Katika utafiti ule wa 2022, wasichana 22 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali inawaruhusu waliojifungua kurudi shuleni. Ruhusa ipo, ila msichana hawezi kurudi darasani kama hakuna wa kumshikia mtoto. Tunaziomba kamati zisione haya kulizungumza hili. Chumba kimoja cha parokia kilichokaa bure kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na bibi wawili wa kujitolea, kinaweza kumrudisha binti darasani.

Upande wa bahari tutapita haraka, ingawa ndiko wengi wanakolia. Akina mama wa Mlingotini wanaolima mwani waliipenda kotonii kwa sababu ya bei yake, lakini kotonii haivumilii maji yakipata moto, inaoza kwenye kamba. Ile aina nyingine inayostahimili bei yake ni ndogo. Mama karanga pale sokoni naye ananunua samaki kwa mnada akishindana na magari ya barafu kutoka jijini. Kwa kifupi, ardhi ikiondoka, bahari haina nafasi ya kuwapokea wote.

Je, kuna lililowahi kufaa? Lipo, na lilianzia hapa hapa. Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio ya kuwapa fedha taslimu kaya maskini katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingia kwenye utafiti, nusu vikianza na nusu vikisubiri. Waliosimamia ni kamati za vijiji wenyewe. Masharti yalikuwa mepesi: mtoto ahudhurie shule, mdogo na mzee waende kliniki. Wengi tulibeza, tukisema fedha zitaishia kwenye pombe. Waliofuatilia walikuta kaya zimenunua kuku, zimewanunulia watoto viatu na zimejiunga na bima ya afya. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa baadhi yetu bado tunaamini maskini hajui kutumia fedha. Anajua. Kinachomponza ni fedha nyingi kumfikia mara moja tu maishani, siku anayouza shamba.

Hivyo basi, tunaomba mambo mawili. Wafadhili, mtuvumilie tukitumia sehemu ya fedha za robo hii kuhesabu badala ya kujenga. Picha ya watu wakiandika kwenye daftari haipendezi kama picha ya bomba linalotoa maji, tunalijua hilo. Na nanyi kamati, kila jumuiya ndogo ndogo ipite nyumba kwa nyumba katika eneo lake, bila kuchagua dini, ikifuatana na mwenyekiti wa kitongoji. Muulize wangapi wanalala hapa, wangapi wako chini ya miaka 15, nani amehamia na lini, ardhi hii ina hati gani, na jina la mama limo. Msiulize kipato, watu watawafungia mlango. Kama mzee anataka kuuza, msimhukumu, ila mwombeni aje aonane na msaidizi wetu wa sheria kabla hajatia dole gumba. Hatalipa chochote.

Mkileta hesabu hizo ndipo tutakapoamua pa kuchimba kisima kinachofuata, na mara hii pampu itachaguliwa kwa watu waliopo. Madaftari yako mezani pale mlangoni, kila kigango kichukue mawili. Kalamu hazikutosha, mtatuwia radhi.