Picha Uliyopiga, Mwonyeshe Mwenzio

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za kupiga picha, na hasa habari za kumwonyesha mwenzio picha zako na kuvumilia makosa yake yakitajwa. Nasema kama mtu wa Oldonyo Sambu, kando ya njia iendayo Namanga, mahali ambapo Mlima Meru umetugeuzia ubavu wake mkavu, na vumbi ni jirani wa kila nyumba.

Kamera ninayoinena si ile ya simu, ambayo huonyesha picha papo hapo. Ni kamera ya filamu yenye kipima-umbali. Kamera ya Leica, itumiayo filamu ndogo, ilionyeshwa kwa watu huko Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1925. Na mwaka wa 1932 ikatokea ile yenye kipima-umbali kilichoungwa na lenzi. Kazi yake ni hivi. Utazamapo katika kidirisha chake, waona sura mbili za kitu kimoja, hazikulingana. Wazungusha lenzi, na sura moja yasogea. Zikikutana zikawa moja, basi lenzi imelenga umbali wa kitu kile. Lakini angalieni: jicho lako halipiti katika lenzi, lapita katika kidirisha kilicho kando yake. Kwa hiyo waweza kusahau kifuniko juu ya lenzi, na kidirisha kikazidi kukuonyesha dunia nzima inayong'aa. Na kipima-umbali kikipotoka kidogo, kitakudanganya, nawe hutajua.

Jambo hilo lilinipata mimi. Nalinunua kamera ya namna hiyo, imekwisha kutumika mikononi mwa mwingine. Siku moja ilianguka kutoka kwenye baiskeli. Nikaipangusa vumbi, nikaona haikuvunjika, nikashukuru. Baada ya hapo nalimpiga babu yangu picha nyingi, ameketi mlangoni na fimbo yake, amejifunga shuka. Filamu zikasafishwa, picha zikaja, nikawaonyesha rafiki zangu. Wote wakasema, "Nzuri sana." Nami nikasadiki, kwa kuwa sifa ni tamu. Nikaendelea hivyo karibu mwaka mzima.

Kisha nikampelekea picha zile mwalimu mmoja, mama mtu mzima, mpiga picha tangu ujana wake. Akachukua moja, akaisogeza penye mwanga, akanyamaza kitambo. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, masikio ya babu yako nayaona, hata mikunjo yake naweza kuihesabu. Macho yake yako wapi?"

Nikatazama. Kweli, masikio yalionekana wazi, lakini macho yalikuwa kama yamefunikwa na moshi. Akatazama ya pili, na ya tatu. Zote vivyo hivyo. Akasema, "Kamera yako inalenga nyuma ya mtu. Hakuna aliyekuambia?"

Siku hiyo babu tulikuwa tumekwisha kumzika. Picha zake ninazo nyingi, lakini hakuna hata moja ambamo macho yake yananitazama. Siwalaumu rafiki zangu, maana walitaka kunifurahisha. Lakini lau mmoja angalinena neno lile mapema, kamera ingalitengenezwa, na babu angali yu mlangoni. Wazee walisema kweli: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tangu hapo sisi watu wachache hukutana kila Jumamosi, tukaziweka picha zetu mezani. Tuna kanuni nne.

Kwanza, mwenye picha hunyamaza. Wenzake waseme wanachokiona kabla hajawaambia alichokusudia.

Pili, neno "nzuri" halitoshi, wala neno "mbaya". Asemaye na aonyeshe mahali kwa kidole, atoe na sababu.

Tatu, twatafuta chanzo cha kosa. Mmoja alileta picha ya mchunga ng'ombe, uso mweusi kama kivuli. Alikuwa amepima mwanga wa mbingu na vumbi jeupe, saa sita ya mchana, na uso ukapata mwanga haba. Dawa yake ni kusogea na kupima mwanga usoni penyewe, au kungoja jua lishuke. Mwingine alileta picha ya mzee ambaye shuka lake jekundu lilipotelea vichakani. Maana katika filamu isiyo na rangi, wekundu na kijani huweza kutokea rangi moja ya kijivu. Tulimshauri ainame, ili mbingu iwe nyuma ya mzee yule.

Nne, twamwuliza mpiga picha: Je, mwenye uso alikupa ruhusa? Na je, umempelekea picha yake?

Sasa nawapa njia ya kukipima chombo chenyewe. Sisi hutumia kilele cha Meru asubuhi, kabla ya mawingu. Weka lenzi katika alama ya mbali kabisa, utazame kilele. Sura zikiwa mbili, kipima-umbali kimepotoka. Zikiwa moja, usitosheke bado, maana chombo huweza kusema kweli kwa mbali na uongo kwa karibu. Laza gazeti mezani, simama upande ili ulitazame kwa mshazari, ulenge mstari mmoja uliotiwa alama, kwa umbali wa mita 1, lenzi imefunguliwa sana. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa hivyo, sehemu ionekanayo wazi haizidi sana sentimita 5. Ndiyo maana masikio ya mtu yaweza kuonekana na macho yasionekane. Picha ikisafishwa, tazama ni mstari gani ulio wazi. Kama si ule uliotiwa alama, mpelekee fundi. Usiziguse skrubu mwenyewe.

Wasikilizaji wangu, filamu moja ina picha 36, nazo hungojewa siku nyingi. Kwa hiyo kosa lisilotajwa leo litarudiwa mara 36 kesho. Mwenzio akikuletea picha, usimnyime ukweli. Mwambie kwa upole, lakini mwambie. Nawe ukiambiwa, usikasirike. Mtu unayempenda angali hai. Nenda ukampige picha tena.

Kwaherini.