Ukisimamishwa Barabarani

Msikilizaji, uwe umetoka Kutus ukipanda kuja Kerugoya au umetoka Karatina, afisa wa polisi akikupungia mkono washa indiketa, egesha pembeni, shusha kioo. Msalimie. Mwonyeshe leseni na stika ya bima bila hasira. Akisema una kosa, muulize ni lipi. Akikukamata, Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka akueleze sababu upesi, kwa lugha unayoielewa.

Ila wengi hujiponza hapa: noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Tafadhali, usithubutu. Sheria ya Hongo ya 2016 humwadhibu mtoaji sawa na mpokeaji, hadi kifungo cha miaka 10. Ukidhulumiwa, kariri namba ya afisa, kisha ipigie IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, simu bila malipo: 1559.