Usukani, Saumu na Ugonjwa wa MS

 

Ndugu yangu katika Uislamu, huenda nyumbani kwenu yuko anayeugua maltipo sklerosisi, kwa ufupi MS. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kuishambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo. Hauambukizi, wala si jini (tuachane na hayo jamani). Huku karibu na ikweta ni nadra kuliko Ulaya, ndiyo maana mgonjwa hudhaniwa mvivu tu.

Je, aendeshe gari? Wengi huendesha kwa miaka, daktari akiridhika. Shida ni kwamba hali hubadilika siku hiyo hiyo. Asubuhi yu sawa. Alasiri mguu umekufa ganzi, hana hakika amekanyaga breki au mafuta. Gari moja aliona mbili. Na dawa ya kulegeza misuli, kama baklofeni, huleta usingizi.

Halafu kuna joto. Mwaka 1890 daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi macho ya wagonjwa hawa yanavyofifia wakijichosha. Baadaye ikajulikana kisa ni joto la mwili kupanda. Mwili ukipoa, kuona hurudi. Sasa hebu fikiria foleni ya feri Likoni saa kumi na moja jioni: jua, kiu tangu daku, usingizi wa tarawehe haujalipwa, na kila mtu anakimbilia futari!

Kufunga au kutofunga atashauriana na daktari wake, na Suratul Baqara aya ya 185 imempa mgonjwa ruhusa. Usukani ni jambo jingine, manake hapo mna roho za watu. Safari zake ziwe asubuhi kungali na ubaridi. Macho yakianza ukungu asiseme "nimekaribia nyumbani". Aegeshe kando, apoe, na akihitaji maji anywe, atalipa siku nyingine.

Lakini ninayekulenga hasa ni wewe kijana mwenye leseni. Baba hatakuomba, ataona haya. Usimnyang'anye ufunguo mbele ya wageni. Mwambie mapema, "Baba, mwezi huu za jioni niachie mimi," kisha uwepo kweli saa hiyo, usiwe barazani na wenzako simu umezima.

Wabillahi tawfiq.