MATUMIZI YA MIFUMO HURIA YA KOMPYUTA SEHEMU ZA KAZI

(Mazungumzo kwa watumishi wa umma, wafanyabiashara na wakazi wa Kisiwa cha Rukuba)



Kompyuta ni mali ya gharama. Hapa kisiwani, ikiharibika hudai nauli ya boti hadi Musoma kabla ya kudai malipo ya fundi. Hivyo ni vyema tuufahamu mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye duka au mnunuzi wa dagaa asiye na fedha za kompyuta mpya asikimbilie nakala za wizi, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta. Njia halali ipo, nayo ni mfumo huria.

Mfumo huria ni ule ambao leseni yake inamruhusu kila mtu kuutumia, kuunakili, kuuchunguza na kuurekebisha. Mfano ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Nchini mwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, na mwaka 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Aidha, DHIS2, inayotumika kukusanya takwimu za afya nchini, nayo ni programu huria.

Kwa Rukuba faida yake ni dhahiri. Nakala moja ikipakuliwa Musoma mjini, yaweza kuvushwa ziwa ndani ya flashi na kuwekwa katika kompyuta zote za kisiwa bila kuvunja sheria.

Hata hivyo, ndugu zangu, kutolipia leseni si kukosa gharama. Kuna muda wa kujifunza, kuna printa zisizokubali, na kuna programu za hesabu zilizotengenezwa kwa Windows pekee. Kwa hiyo nashauri yafuatayo:

1. Hifadhini kwanza nakala ya kumbukumbu zote nje ya kompyuta.

2. Ujaribuni mfumo moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kufuta uliopo, mkipima printa na mafaili ya kila siku.

3. Anzeni na kompyuta moja, na wafundishwe watu wawili, ili mmoja akisafiri kazi isisimame.

4. Ofisi za umma zisibadili lolote kabla ya kupata idhini ya wataalamu wa TEHAMA wa Halmashauri.

Chombo ambacho wenyewe mnaweza kukitengeneza ndicho kinachofaa mahali palipo mbali na fundi. Mfumo huria unatoa ruhusa hiyo. Ujuzi hauna budi kutoka kwetu.