Mzazi na Mtoto Wake Katika Vivuko vya Shule

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na walimu katika mkutano wa Jubilii)



Nimepewa kusema juu ya malezi. Neno hili ni pana kama bonde la Usangu, na mtu akitaka kulipita lote kwa nusu saa atachoka yeye kabla ya wasikilizaji wake. Kwa hiyo nimechagua sehemu moja tu. Nitasema juu ya siku zile mtoto avukapo: atokapo jikoni kwa mama yake kwenda darasa la awali, na tena atokapo shule ya msingi kwenda sekondari. Nataka tuulizane, katika siku hizo hadithi na kitabu vya nyumbani huenda wapi?

Nauliza kwa sababu nimeona desturi moja katika nchi yetu hii ya juu, kutoka Mufindi mpaka Tukuyu. Mtoto angali mdogo, bibi yake humsimulia, na mama yake humtegea vitendawili. Siku aendapo shule kwa mara ya kwanza, amevaa sare mpya na kushika madaftari mawili, wakubwa wote hunyamaza. Husema, "Sasa yuko kwa mwalimu," kana kwamba wamemkabidhi mchukuzi mzigo. Lakini ndiyo siku mtoto aanzapo kuwahitaji kuliko zamani.

Angalieni jinsi hadithi inavyofanya kazi. Ni mwezi wa Julai, baridi ya Makambako yapasua midomo, na jamaa wamekaa jikoni wakipukuchua mahindi. Bibi aanza habari ya sungura na fisi. Mtoto wa miaka mitano asikia kwamba fisi alipewa ahadi hapo mwanzo. Hana budi kuishika ahadi ile kichwani mpaka mwisho, maana mwisho ndio utakaoonyesha ni nani aliyedanganywa. Bibi akatiza, amwuliza, "Ungekuwa wewe sungura, ungefanyaje?" Mtoto afikiri, ajibu, na jamaa wacheka. Hapo amekwisha kufanya sehemu kubwa ya yale mwalimu atakayomtaka afanye na kitabu: kusikiliza, kukumbuka, kupanga jambo la kwanza na la pili, na kukisia lijalo. Ziko herufi bado, ni kweli, nazo zina taabu yake. Lakini mtoto ajuaye kwamba ndani ya maneno mna habari tamu huvumilia taabu ya herufi. Asiyejua huziona kuwa ni mikwaruzo tu juu ya karatasi.

Tena bibi asimulia kwa Kihehe, au Kibena, au Kinyakyusa, au Kisafwa. Wako wazazi, hasa wa mjini, wamkatazao bibi asiseme lugha yake na mjukuu, wakidhani kwamba itamharibia Kiswahili. Mimi siafikiani nao. Mtoto aliyezoea kusimulia habari ndefu kwa lugha moja hupata njia ya kuisimulia kwa lugha ya pili. Asiye na habari ya kusimulia hana la kutafsiri. Niliijua zamani shule moja, jina lake nitaliacha, ambayo ilikuwa ikimvika mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake uwanjani. Kibao kile kilifundisha kunyamaza, wala sikuona kilichofundisha zaidi ya hapo.

Na jambo la kuunganisha nyumba na shule si geni kwetu. Mwaka 1928 ilifunguliwa shule ya serikali huko Malangali, katika Mufindi ya leo, na mkuu wake, Mwingereza W. B. Mumford, aliwaita wazee waje shuleni kuwafundisha wavulana mila, hadithi, ngoma na kutupa mikuki. Wako waliolisifu jaribio lile. Wako pia walioona kwamba lilikuwa njia ya kumweka nyuma Mwafrika, aliyetaka elimu ile ile waliyoipata wengine. Nami naona shaka yao ilikuwa na haki, kwa kuwa mgeni ndiye aliyechagua ni kipi katika mila za watu kifundishwe. Lakini jambo moja tusilitupe: mzee ambaye hakupita darasani alisimama mbele ya wanafunzi, akahesabiwa kuwa mwalimu.

Ndipo nafika kwa mzazi asemaye, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mwanangu?" Asione haya, maana si mmoja wala wawili. Mwaka 1967 ilikadiriwa kwamba watu wazima 67 katika kila 100 nchini mwetu hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wengi wakaingia katika madarasa ya jioni, wakakaa juu ya madawati yaliyokuwa madogo kuliko miguu yao. Hata ilipofika mwaka 1986, hesabu ya serikali ilionyesha kwamba waliosalia hawakufika 10 katika 100. Yule bibi unayemwona kanisani akifuata kwa kidole mstari wa kitabu, huenda alijifunza katika miaka ile, akiwa na mtoto mgongoni.

Na hata kama hakujifunza, bado anayo kazi. Na akae karibu na taa, amwambie mtoto, "Nisomee." Asiposikia vizuri, amwambie arudie. Ukurasa ukiisha amwulize, "Huyu alikwenda wapi? Kwa nini alikasirika?" Msikilizaji asiyejua kusoma ana faida moja asiyo nayo msomi: hawezi kuchungulia. Mtoto hana budi kumweleza mpaka aelewe, na katika kumweleza huelewa yeye mwenyewe. Robo saa yatosha. Ikiwa umeme umekatika, mwanga wa simu watosha pia. Na simu ile, ikifanya kazi ya taa kwa robo saa, itakuwa imepumzika kidogo na upuuzi wake mwingine.

Akina baba nao wasidhani kwamba jambo hili ni la akina mama peke yao. Mtoto wa Iringa atasoma shuleni habari za Mtwa Mkwawa: jinsi jeshi la Wajerumani lilivyoshindwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, jinsi Mkwawa alivyokufa mwaka 1898 bila kukubali kukamatwa, na jinsi fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 lilivyowekwa Kalenga. Kitabu kitampa miaka. Lakini babu ana habari zake, alizozisikia kwa baba yake, na pengine hazilingani na kitabu. Basi vema. Baba na amketishe mtoto kati ya hizo mbili, amwulize ni wapi zinapatana na ni wapi zinaachana. Na ikiwa nauli ipo, Kalenga si mbali na mjini Iringa; ampeleke akaone kwa macho yake.

Sasa nije kwenye kivuko cha pili, ambacho kwangu ndicho chenye hatari zaidi.

Zamani, katika nchi ya Wanyakyusa, mvulana alipofikia miaka kama 10 au 11 alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala pamoja na rika lake katika kijiji cha wavulana. Monica Wilson, aliyekaa Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliieleza desturi hii katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1951. Wavulana wale walijijengea vibanda, wakazungumza na kujifunza adabu ya kukaa na wenzao. Lakini chakula walikula kwa mama zao. Walikwenda kwa kundi, leo nyumba hii, kesho nyumba ile, na mchana walilima shamba la baba. Walikuwa wametoka, wala hawakuwa wameondoka.

Mtoto wetu aendaye kidato cha kwanza, je, naye ametoka au ameondoka? Mwezi wa Januari, katikati ya mvua na palizi, fedha nazo zikiwa haba, tunahangaika na godoro, ndoo, jembe na sare. Ada ya shule ya sekondari za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini kila mzazi ajua kwamba orodha ya vitu haikuondoka nayo. Siku ya kufika, twashusha sanduku, twasaini karatasi, twarudi kwa basi. Na kesho yake mtoto, aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, asikia masomo yake karibu yote kwa Kiingereza.

Walimu wa sekondari mlio hapa mwajua nisemalo. Mtoto aliyekuwa akiinua mkono kila saa aushusha. Haoni haya kwa kuwa hajui jambo. Aona haya kwa kuwa hana maneno ya kulisemea. Ananakili ubaoni mwandiko mzuri, daftari limejaa, na kichwani hamna kitu. Arudipo likizo mwezi wa Juni, baba amwuliza, "Masomo?" Naye ajibu, "Mazuri." Mazungumzo yameisha. Baba aogopa kuuliza zaidi, kwa kuwa Kiingereza hakijui. Mtoto aogopa kusema zaidi, kwa sababu hiyo hiyo.

Mama mmoja wa upande wa Rungwe, mkulima wa ndizi na chai, hakukubali jibu hilo. Alimwambia binti yake, "Fungua daftari unieleze kwa Kinyakyusa." Somo lilikuwa mzunguko wa damu. Binti alianza, akakwama. Hakujua vyumba vya moyo aviite nini. Wakatafuta maneno pamoja, mama akiyatoa katika mambo ya kuchinja kuku na mbuzi, ambayo aliyajua vizuri kuliko daftari. Jioni ile ilikuwa ndefu. Mama hakujifunza Kiingereza, na binti hakugeuka kuwa daktari siku ile. Lakini alirudi shuleni akijua kwamba maneno yale ya kigeni yasema habari za kitu kilichomo kifuani mwake.

Naye mtoto aliye bweni, mbali na jiko la nyumbani? Mwandikieni. Shaaban Robert, mshairi wetu aliyefariki mwaka 1962, alimwandikia binti yake utenzi mzima wa mausia, ndio Utenzi wa Hati, na sisi wengine tumeusoma baadaye kama watu wanaosoma barua ya jirani. Hatuwezi sote kutunga tenzi. Lakini ukurasa mmoja waweza kumweleza mtoto kwamba ng'ombe amezaa, kwamba babu amesimulia tena habari ya nzige akaiongezea chumvi, na kumwomba naye alete hadithi aliyoisikia kwa wenzake waliotoka mikoa mingine. Mzazi asiyejua kuandika na amtumie mdogo wa mtoto kuwa karani. Atapata wasomaji wawili kwa barua moja.

Haya nayasema kwa haraka kidogo mwaka huu, maana Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7. Watakaovuka kwa utaratibu huo watakifikia kivuko cha pili wakiwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko kaka zao. Wengine wafurahi, wengine wasikitika. Mimi nahesabu tu jioni zilizobaki.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto uanze mwaka 1991, vitabu vizuri vya hadithi kwa Kiswahili vimepatikana zaidi kuliko utoto wetu. Lakini mara nyingi vimefungwa kabatini, visije vikaraluka, na mchwa huvisoma kabla ya watoto. Hapa tumeamua vinginevyo. Mkutano ukiisha, sanduku la vitabu litafunguliwa katika chumba cha darasa la nne. Kila mzazi aje na mtoto wake. Mtoto achague, mzazi aandike jina lake daftarini, na asiyejua kuandika mtoto amwandikie. Kitabu kirudi baada ya majuma mawili. Kikirudi na masizi ya jikoni, hatutauliza.