Pampu Inayolia kama Imemeza Kokoto

Leo nazungumza na nyinyi mnaomwagilia kwa pampu, hasa mliochangishana fedha mkanunua pampu ya kikundi.

Miaka michache iliyopita wakulima wa mpunga wa bonde moja waliniletea impela, yaani lile gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu. Lilikuwa limetobokatoboka kama sega la nyuki. Mimi bwana shamba wao nikasema bila kusita: hii ni kutu, nunueni ya chuma kisichoshika kutu. Wakauza magunia, wakanunua. Msimu haujaisha, nayo ikawa sega.

Haikuwa kutu. Chuma kile kina kromiamu, ambayo hufanya ngozi nyembamba sana juu yake, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Lakini haizuii nyundo. Pampu ikivuta maji kwa shida, msukumo wa maji penye mdomo wa impela hushuka mno, na maji huchemka yakiwa baridi. Ndiyo, baridi vilevile! Hutokea viputo vya mvuke. Vikifika mbele kidogo, penye msukumo mkubwa, hubonyea ghafla, na maji hukichoma chuma kama sindano, mara maelfu kwa maelfu. Mafundi huita kavitesheni. Ukisimama karibu utadhani pampu imemeza kokoto.

Sasa, mtasikia kwamba upo utando wa kupaka juu ya chuma ili kukikinga. Ni kweli upo, tena wa namna mbalimbali. Mmoja ni gundi ya epoksi iliyochanganywa na chembe za seramiki. Huu hupakwa kwa brashi, hujaza mashimo, na hustahimili mchanga wa mtoni. Ila viputo vikizidi humeguka. Mwingine ni chembe ngumu za tangsteni kabaidi zilizoshikwa na kobalti, ambazo hupulizwa kwa moto wa kasi kupita sauti. Ni mgumu kweli, lakini unataka karakana kubwa, na bunduki yake haifiki kona za ndani za impela iliyofunikwa pande zote mbili.

Utando wo wote ule, adui yake ni uchafu. Chuma kisipopigwa mchanga kikakwaruzika na kufutwa mafuta yote, utando hushika juu juu tu. Viputo vikipata kitundu kimoja huuchana na kuubandua kama ganda la ndizi. Tena fundi asawazishe uzito wa impela kabla ya kuirudisha, ama sivyo itatikisika na kuua beringi.

Lakini turudi bondeni. Mama mmoja wa kikundi ndiye aliyenifumbua macho: "Bwana shamba, hii ilianza kulia tulipoihamishia juu." Kumbe baada ya mafuriko walikuwa wameipandisha ukingoni! Pampu haivuti maji kama kamba. Hewa ndiyo inayoyasukuma, na pwani nguvu yake yote haifiki mita 10 na nusu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, kama Iringa mjini, zimekwisha pungua karibu mita 2. Toa msuguano wa bomba, toa chujio lililojaa majani, kinabaki nini?

Tuliishusha pampu, tukafupisha bomba la kuvutia na kuweka pana zaidi. Kokoto zikanyamaza. Hapo ndipo fundi alipoijaza ile impela kwa epoksi, na bado inazunguka. Magunia yaliyouzwa hayakurudi, na mpaka leo wananitania.

Basi pampu yako ikianza kulia, zima kwanza. Safisha chujio, pima kimo kutoka usawa wa maji hadi pampu, na linganisha na karatasi ya kiwanda. Ukitaka kupunguza maji, punguza kwa koki ya upande wa kutolea, kamwe si ya kuvutia. Fedha ya utando itunzeni mpaka hayo yamekwisha kufanyika.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.