Upele ni Ugonjwa wa Nyumba Nzima

(Maneno ya kamati ya afya mbele ya wahitimu wa kisomo)



Leo tumepewa nafasi tuseme machache juu ya ngozi. Tumechagua jambo moja tu, nalo ni upele. Nyumba nyingi zinao, lakini wenyewe wanauficha. Mtu akiwa na homa atasema. Akiwa na upele atavaa shati la mikono mirefu, anyamaze.

Upele ni nini? Ni ugonjwa unaoletwa na mdudu mdogo mno, ambaye ni vigumu kumwona kwa macho. Mdudu jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai 2 au 3 kila siku. Mwili unawakataa wadudu hawa, ndiyo maana unawasha, na usiku unazidi. Tazameni katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Mtoto mchanga huweza kutoka hata viganjani, nyayoni na kichwani.

Sasa tuseme yale yasiyo kweli.

Wengine husema ni kulogwa. Je, kwa nini wanadhani hivyo? Mtu akiambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa. Mwasho ukianza, amekwisha sahau alilala na nani msibani au alimuuguza nani. Basi anatafuta mchawi.

Wengine husema ni uchafu. Hata sisi tuliosimama hapa tuliwahi kuwacheka wenzetu kisimani. Tulikosea. Mdudu haulizi kama umeoga. Hupita ngozi inapogusana na ngozi kwa muda: kulala mkeka mmoja, kumbeba mtoto, kumuuguza mgonjwa. Wala si ugonjwa wa kijiji chetu tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Mwaka 2017 shirika hilo liliutia katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa.

Wengine husema ni damu chafu, wakanywa dawa chungu za kusafisha damu. Mdudu yumo kwenye ngozi, hayumo kwenye damu.

Wengine hupaka mafuta ya taa, maji ya betri, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jamani, tusifanye hivyo! Vitu hivi huunguza ngozi, na sumu huweza kupenya mwilini.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kumtibu mtu mmoja. Katika nyumba ya mmoja wetu, mtoto alijikuna. Baba akanunua chupa moja ya dawa, akapakwa mtoto peke yake. Akapata nafuu. Baada ya wiki chache akaanza tena. Tukasema, "Dawa za siku hizi ni maji tu." Kumbe mama alikuwa nao, na kaka aliyelala naye alikuwa nao. Mtoto alijikuna mpaka akatoka vidonda vyenye usaha. Siku moja aliamka uso umevimba, mkojo wake una rangi ya chai. Hospitalini tuliambiwa kwamba vijidudu vilivyoingia kwenye vidonda vimeleta madhara kwenye figo. Tunashukuru alipona. Lakini ule upele tulioudharau ungeweza kumuua.

Basi tufanye nini?

Kwanza, twende zahanati. Tuseme nyumbani tuko wangapi, na kama yuko mtoto mchanga au mama mjamzito. Dawa ya kupaka iliyozoeleka ni ile ya maji meupe inayoitwa BBE. Ya watoto huzimuliwa, na mganga ndiye atakayesema kiasi gani.

Pili, watu wote wa nyumba wapake siku moja, hata asiyewashwa. Paka kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu, na chini ya kucha. Usitie machoni wala mdomoni. Ukinawa mikono, ipake tena.

Tatu, siku hiyo hiyo fua nguo na mashuka kwa maji ya moto, uyaanike juani. Blanketi lisilofulika lifunge ndani ya mfuko kwa wiki moja. Mdudu akikosa mwili wa mtu hufa baada ya siku chache.

Nne, rudia dawa kama utakavyoelezwa, kwa sababu mayai yaliyobaki huanguliwa.

Tano, usikate tamaa. Hata wadudu wakifa, mwasho huweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Usiongeze dawa bila kuambiwa, maana nayo huchubua ngozi. Lakini ukiona usaha, homa, uso kuvimba au mkojo kugeuka rangi, nenda zahanati upesi.

Ndugu zetu, wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Sisi tunaongeza: hata mwenye kucha asijikune tu, atibiwe, na watu wa nyumbani kwake pia. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja awatazame watoto wake mikono. Akiuona upele asione haya. Aje tusaidiane.